Mteja wa Saa 12 Jioni Hataki Mchele Tu, Anataka Wali Kuku

Leo tuongelee ile saa 12 jioni mpaka saa 2 usiku. Duka la mtaani linaingiza hela muda huo, au linaziangalia tu zikipita.

Mama anashuka kwenye daladala, kachoka, watoto wana njaa. Akifikiria aende dukani kwa mchele, aende kutafuta kuku, arudi gengeni kwa nyanya, anaona bora apitie chipsi. Kwa hiyo muda huo mshindani wako siyo duka la jirani, ni kibanda cha chipsi.

Mimi dukani kwangu naweka vitu vyote vya wali kuku pamoja, vimeshapimwa kwa watu watano:

• Mchele robo tatu
• Nusu kuku wa kisasa, kakatwa vipande vitano
• Mafuta kipimo kimoja
• Nyanya, vitunguu, karoti, hoho, limau na pilipili

Sasa hesabu. Hii ni mfano, wewe weka bei za kwenu.

Mchele: umenunua 1,800, unauza 2,100.
Kuku: 4,000, unauza 4,800.
Mafuta: 700, unauza 800.
Mboga: 1,000, unauza 1,600.

Jumla umetoa 7,500, unapokea 9,300. Faida 1,800 kabla ya umeme. Kwa mteja ni 1,860 kwa kichwa, na watoto wanashiba.

Angalia vizuri hapo. Mchele uliowekea 1,800 umekupa 300. Mboga ulizowekea 1,000 zimekupa 600. Wengi tunapigania bei ya mchele na kumbe faida iko kwenye vya kuweka juu ya sahani. Ongeza parachichi, ndizi mbivu au mayai. Kila mtoto achague chake, na mama hatapika mboga ya pili.

Mpe na maelekezo, maana anataka kula mapema. Kuku aanze: chumvi, tangawizi, limau, achemke kama nusu saa mpaka aive kabisa mpaka kwenye mfupa. Wali uwe jiko la pili. Kachumbari akate wakati anasubiri. Kuku wa kienyeji usimuuzie mtu mwenye haraka, huyo anataka muda mrefu jikoni.

Sasa sehemu inayoua mtaji: kuku.

1. Kama huna friza, usinunue kuku kwa kubahatisha. Pokea oda kwa simu mpaka saa 8 mchana, halafu chukua kwa muuzaji idadi hiyo hiyo.

2. Kama una friza, nafasi iliyobaki jaza chupa za maji. Friza iliyojaa inashika baridi kuliko iliyo tupu. Umeme ukikatika, usifungue fungue.

3. Kuku aliyeyeyuka akapata joto, usimrudishe kwenye barafu ukamuuza kesho. Familia moja ikiumwa tumbo, mtaa mzima utajua imenunua wapi.

4. Kuku mbichi asigusane na nyanya. Kisu chake na ubao wake viwe peke yake.

5. Kuku ni keshi tu. Sabuni unaweza kumwandikia mtu kwenye daftari, lakini wali kuku wa watu watano ukikopwa mara nne, hiyo ni 37,200 imelala kwenye karatasi na kesho huna hela ya kununua wengine.

Anza na familia tatu tu kwa siku, wale unaowajua wanachelewa kurudi kazini. Waambie asubuhi wakipita: "Dada, jioni nikuwekee wali kuku?" Ukiona wanarudi wiki nzima, ongeza.

Wewe huko kwenu nusu kuku mnauza bei gani? Na juu ya wali wateja wako wanapenda kuweka nini? Andika hapo chini tujifunze.