Kuchomelea Chuma bila Mtungi wa Gesi

Chini ya mlima Kyejo, wilayani Rungwe, kaboni dayoksaidi hutoka ardhini yenyewe. Kampuni ya TOL huivuna na kuijaza katika mitungi, na miongoni mwa matumizi yake ni kutia mapovu katika soda. Viwandani gesi ya namna hiyohiyo hutumika kukinga chuma kilichoyeyuka kisiguswe na hewa wakati wa kuchomelea. Hata hivyo, mtu wa Mbeya au Iringa anayetaka kujitengenezea geti au fremu ya dirisha nyumbani kwake aghalabu hana mtungi, na gharama ya kuununua na kuujaza huzidi thamani ya kazi yenyewe. Kwa ajili ya watu wa hali hiyo zimeundwa mashine ndogo, za bei nafuu, zinazochomelea kwa waya “bila gesi”. Jina hilo hupotosha kidogo, na makosa mengi ya wanunuzi hutokana nalo.

Chuma cha kawaida huyeyuka kwenye joto la nyuzi 1,500 za Sentigredi hivi, na tao la umeme linalowaka kati ya waya na kazi lina joto linalopita nyuzi 5,000. Katika hali hiyo chuma hunywa hewa kwa pupa. Oksijeni huungana na kaboni iliyomo ndani yake na kufanya kaboni monoksaidi. Naitrojeni huyeyuka katika chuma cha majimaji, kisha chuma kinapoganda hufukuzwa na kuacha vitundu. Mshono wenye vitundu hufanana na mkate: unaonekana mnene, lakini ndani ni mtupu.

Ulinzi, basi, hauepukiki. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20, wakati Oscar Kjellberg wa Sweden alipovipaka vijiti vya kuchomelea dawa kwa nje, ilijulikana kwamba kinga inaweza kubebwa na kijiti chenyewe. Waya wa mashine hizi, uliobuniwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950, umeigeuza hila hiyo: ni bomba jembamba la chuma, na dawa, yaani fluksi, imo ndani. Fluksi hiyo huweza kuwa na kalsiamu kabonati, ileile iliyo katika mawe ya chokaa ya Songwe yanayotengenezewa saruji. Ikipata moto huachia kaboni dayoksaidi. Kwa hiyo gesi ipo. Hutengenezwa papo hapo. Pamoja nayo kuna floridi zinazofanya gamba juu ya mshono, na alumini. Kazi ya alumini inastahili kuangaliwa na wanafunzi wa kemia. Haizuii hewa kuingia, bali huikamata ikishaingia: huungana na oksijeni na naitrojeni na kufanya vitu vigumu visivyotoa mapovu.

Kwa sababu hiyo waya huu hufaa mahali penye upepo. Pazia la gesi itokayo mtungini hupeperushwa na upepo wa kilometa 8 tu kwa saa, na huko Makambako, kati ya Iringa na Mbeya, siku yenye upepo mdogo kiasi hicho huhesabiwa kuwa shwari.

Mnunuzi anapaswa kutazama kwanza ncha za umeme. Nyaya nyingi za aina hii zimetengenezwa kwa mkondo wa upande mmoja, waya ukiwa kwenye ncha hasi na kazi kwenye ncha chanya. Hii ni kinyume cha mashine za mtungi. Mashine inayotumia aina zote mbili aghalabu hutoka dukani ikiwa imefungwa kwa ajili ya mtungi, na asiyebadilisha ncha hupata cheche nyingi na mshono mbaya, kisha huulaumu waya. Mashine nyingine za bei ya chini kabisa hutoa mkondo unaogeukageuka, wala haziwezi kubadilishwa. Hizo ni afadhali kuziacha.

La pili ni hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha tatu anaiweza. Mashine iliyoandikwa ampea 120 hufanya kazi kwa volti 20 hivi kwenye tao: hizo ni wati 2,400. Ikiwa asilimia 20 ya nguvu inayovutwa hupotea ndani ya mashine, itavuta wati 3,000 ukutani. Gawanya kwa volti 230, utapata ampea 13, kiasi kilekile cha fyuzi ya plagi ya nyumbani. Tena mashine nyingi za bei nafuu huvuta umeme kwa mapigo mafupi, hivyo ampea halisi huzidi hizo. Waya wa kurefushia wa meta 30, wenye unene wa milimeta za mraba 1.5, una ukinzani wa omu 0.7 hivi, ukipitisha ampea 15, volti 10 hupotea na wati zaidi ya 150 hugeuka joto. Ukiachwa umeviringishwa katika kigurudumu chake, huweza kuyeyuka na kuwasha nyumba.

Kadhalika kuna asilimia iliyochapwa karibu na ampea. “120 A, 20%” maana yake ni dakika 2 za kazi katika kila dakika 10. Joto hufuata mraba wa mkondo, kwa hiyo kwenye ampea 60 muda hupanda hadi asilimia 80. Lakini vipimo hivyo huchukuliwa kuwa sahihi hadi mwinuko wa meta 1,000. Mbeya iko kwenye meta 1,700 hivi, ambako hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya pwani, na feni hupoza kwa shida zaidi. Baridi ya Juni hufidia sehemu ya hasara hiyo.

Waya uuzwao zaidi kwa mashine hizi huandikwa E71T-GS. Alama hizo mbili za mwisho huonyesha waya wa kazi za jumla, za mpito mmoja tu, na haulazimiki kupimwa uwezo wa kustahimili kishindo. Tabaka juu ya tabaka hulimbikiza alumini na kufanya mshono kuwa mkavu. Baada ya tetemeko la Northridge, California, mwaka 1994, viungo vingi vya majengo ya chuma vilikutwa vimepasuka, na waya wa jamii hii, ingawa wa daraja jingine, ulikuwa miongoni mwa sababu. Kwa mabomba ya mraba ya milimeta 1.5 au 2 unafaa sana. Kwa mnara wa tangi la maji au ndoano ya tela, vijiti na fundi aliyefuzu ni bora, na kwa bei ni rahisi pia.

Moshi wa waya huu ni mwingi kuliko wa waya mtupu wa mtungi. Mwaka 2017 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliuweka moshi wa kuchomelea, pamoja na miali yake ya urujuanimno, katika kundi la visababishi vya saratani. Mabati huongeza hatari nyingine: zinki huchemka kwenye nyuzi 907, kabla chuma hakijayeyuka, na saa chache baadaye aliyevuta mafusho yake hupata homa na kutetemeka, dalili zinazodhaniwa kuwa malaria. Wapo mafundi wanaokunywa maziwa kujikinga. Maziwa huenda tumboni, mafusho huenda mapafuni. Miwani ya jua nayo si kinga. Macho huungua kimyakimya na maumivu huanza usiku, hata kwa mtoto aliyesimama akitazama.

Kabla ya kuuamini mshono wowote, aliyenunua mashine achomelee vipande viwili vya chakavu kwa pembe mraba, upande mmoja tu, avibane kwenye jiliwa na kuvipiga nyundo mpaka vifunguke. Mshono ukivunjika katikati yake, achunguze kama kuna vitundu. Ukibanduka mzima, ukaacha chini yake chuma laini chenye alama za tupa kama kilivyokuwa, joto halikuingia, hata kama juu yake ulipendeza.