Mtoto wa Miezi Saba na Mwenzake wa Minane

Wagiriki wa kale waliandika kwamba mtoto anayezaliwa mimba ikiwa ya miezi saba anaweza kuishi, wa miezi minane hufa. Imani hiyo ingali hai sehemu nyingi za dunia. Mama wa mji wa Kabongo, hapa Kongo, akiisikia asiikubali, kwani mapafu yenyewe yanaikataa.

Mapafu huanza mapema. Wiki ya 4 baada ya mimba kutungwa, kichipukizi kidogo hutokeza kwenye mrija wa chakula. Hugawanyika pande mbili, kisha kila upande hugawanyika tena na tena, kama mwembe unavyotoa matawi. Kufikia wiki ya 17 hivi (kuanzia hapa nahesabu kama wakunga, tangu hedhi ya mwisho) njia kubwa za hewa zote zipo. Ni matawi bila majani: hewa bado haina pa kukutana na damu. Mtoto huletewa oksijeni na mama kupitia kondo, na mapafu yake yamejaa maji. Hata hivyo kifua hupanda na kushuka, anajizoeza.

Vifuko vya hewa huanza kuumbika karibu na wiki ya 24, na hapo ndipo penye kazi. Lowesha vipande viwili vya plastiki, vibandike, halafu jaribu kuvitenganisha. Kuta za vifuko nazo ni mbichi, hunatana vivyo hivyo kila mtoto anapotoa pumzi. Kinachozuia ni ute unaofanya kazi kama sabuni, surfaktanti, na kwa kawaida hautoshi mpaka wiki ya 34 au 35. Mwaka 1959 daktari Mmarekani, Mary Ellen Avery, alionyesha kwamba watoto njiti waliokufa kwa kushindwa kupumua walikuwa na upungufu wa ute huo. Mwaka 1963 Patrick, mtoto wa Rais Kennedy wa Marekani, alizaliwa wiki tano na nusu kabla ya wakati. Aliishi saa 39, akafa kwa ugonjwa huo huo. Ikulu haikumfaa kitu.

Basi wa miezi minane ana ute mwingi kuliko wa saba. Wagiriki walikosea.

Siku hizi mama anayeelekea kuzaa kabla ya wiki ya 34 anaweza kuchomwa sindano ya dawa iitwayo deksamethasoni ili mapafu yakomae haraka. Utafiti wa Kenya na nchi nyingine nne, uliotolewa 2020, ulithibitisha kwamba inaokoa watoto. Lakini ni sindano ya hospitali, na mganga lazima ajue mimba ina wiki ngapi; kubahatisha kunaweza kudhuru.

Kutoka Kabongo hadi hospitali ya Kamina ni zaidi ya kilometa 150, na uchungu haungoji treni. Kwa hiyo, mama, shika siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, uitaje kwenye kliniki ya wajawazito (CPN) mapema, kabla tumbo halijaonekana. Dawa ya kukinga malaria utakayopewa huko imeze, maana malaria huweza kuleta uchungu kabla ya siku zake. Na maji yakimwagika mwezi wa saba au wa nane, usingoje kupambazuke.