Utangulizi: Kuisoma Nyumba ya Magogo ya Zakopane

Zakopane ni mji ulio kusini kabisa mwa Polandi, chini ya milima ya Tatra. Huenda umeshaona picha za nyumba zake za mbao, zenye mapaa marefu na vibaraza vilivyojaa nakshi. Mgeni huvutwa na nakshi kwanza, na si ajabu. Nakuomba uziache kidogo, tuanze na ukuta.

Fundi wa jadi alitumia sprusi, mti wa jamii ya msonobari unaostawi kwenye miteremko ile. Alipasua gogo katikati, akalaza vipande kimoja juu ya kingine, na penye pembe akachonga ncha zake ili magogo ya kuta mbili yaumane. Utauliza, basi baridi inazuiwaje? Chunguza ufa ulio kati ya gogo na gogo: umeshindiliwa maranda marefu, membamba, yaliyosokotwa kama kamba. Wenyeji huyaita wełnianka. Mbao husinyaa na kutanuka kadiri hewa inavyobadilika, na maranda huufuata mwendo huo ambapo udongo mkavu ungepasuka na kudondoka. Paa nalo lina mteremko mkali hivyo kwa sababu ya theluji, ambayo ikirundikana huwa mzigo mkubwa.

Sasa ingia ndani. Nyumba ya kale ya Wagorale, yaani watu wa milima hii, ina ukumbi mwembamba katikati na chumba kila upande. Kimoja ni chumba cheusi, walikopikia na kuishi. Zamani moshi haukuwa na dohani, ukazipaka kuta masizi. Cha pili ni chumba cheupe, cha wageni na sikukuu, kilichotundikwa picha za watakatifu. Inua macho: boriti nene inayobeba dari huitwa sosręb. Mara nyingi imechongwa ua la duara lenye petali sita, pamoja na mwaka wa ujenzi. Ukitaka kujua umri wa nyumba, anzia hapo.

Usishangae ukiliona ua hilohilo kwenye rafu ya vijiko, au ukikuta nakshi za jamii moja nalo kwenye kibao cha kukandamizia oscypek, jibini la maziwa ya kondoo linalofukizwa moshi katika vibanda vya wachungaji. Mkono uliojenga ndio uliochonga vyombo. Hata złóbcoki, fidla nyembamba ya Wagorale, mwili wake huchongwa kutoka kipande kimoja cha mti. Sabała, msimulizi mashuhuri aliyefariki mwaka 1894, aliipiga huku akisimulia. Kwangu mimi huu ndio msingi wa somo zima: hapa huwezi kusoma usanifu majengo ukauacha muziki, wala jibini.

Ukishika hayo, utamwelewa Stanisław Witkiewicz, mchoraji na mwandishi aliyehamia Zakopane mwaka 1890. Wakati huo Polandi haikuwa dola. Ilikuwa imegawanywa na mataifa matatu, na mji huu ulikuwa chini ya Austria. Shule ya uchongaji iliyofunguliwa hapa mwaka 1876 ilifundisha mitindo ya Alpi, na matajiri walijenga nyumba za namna ya Uswisi. Jambo hilo lilimuuma Witkiewicz. Aliamini kwamba katika vibanda vya Wagorale kulibaki mtindo wa kale wa Wapolandi wote. Dai hilo mimi silikubali, ila kazi aliyoifanya kwa imani hiyo ni bora mno. Kati ya 1892 na 1893 ilijengwa Koliba, nyumba ya kwanza aliyoisanifu kwa mtindo aliouunda, Mtindo wa Zakopane: magogo yaleyale, vyumba vilevile vya jadi, lakini juu ya msingi mrefu wa mawe na kwa ukubwa wa nyumba ya bwana. Leo ni jumba la makumbusho.

Ukipata nafasi ya kwenda, anza na kanisa dogo la mbao lililoanza kujengwa mwaka 1847 kwenye barabara ya Kościeliska. Kisha nenda Koliba, na mwisho kwenye kanisa dogo la Jaszczurówka, ambalo Witkiewicz alilisanifu mwanzoni mwa karne ya 20. Katika kila jengo angalia pembe za kuta kwanza, uone magogo yanavyoumana, ndipo uhamie kwenye nakshi. Utaanza kutambua mwenyewe kipi alikirithi kwa Wagorale na kipi alikibuni.