Kuyumba na Kuyumbayumba

Ndugu wasomaji, katika lugha yetu mna maneno ambayo mtu huyatupa ovyo kama kokoto, asitazame yamempiga nani. Moja katika hayo ni neno kuyumba.

Neno hili hutumika sana juu ya chombo majini. Sisi wa Mapera tu watu wa milima ya Mbinga, lakini tukitelemka hata Mbamba Bay, kwenye Ziwa Nyasa, huiona mitumbwi ya wavuvi. Kusi livumapo, mtumbwi hulala upande huu, ukainuka, ukalala upande wa pili. Huko ndiko kuyumba. Wala mvuvi haachi kupiga kafi kwenda kwake.

Tena neno hili lina watoto. Kuyumbisha ni kumfanya mwingine ayumbe. Kuyumbishwa ni kufanywa hivyo, na sababu hutoka nje ya mtu mwenyewe. Bali likirudiwa, likawa kuyumbayumba, ndipo linapotaja tabia: mtu asiyekaa juu ya jambo, leo huku, kesho kule. Na kulegalega ni mbali, kwani hiyo ni hali ya kitu kilichokuwa kimekazwa kikaregea, kama jino au mpini wa jembe.

Katika Sura An-Nisaa, aya ya 143, wanafiki wametajwa kwa neno mudhabdhabina. Asili yake katika Kiarabu ni mtikisiko wa kitu kinachoning'inia hewani, kisicho na pa kukanyaga. Hawako kwa waumini, wala hawako kwa makafiri. Hiyo ndiyo tabia ya kuyumbayumba.

Lakini Mtume s.a.w., katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, amemfananisha muumini na mmea mchanga: upepo huulaza, kisha husimama tena. Na mnafiki amemfananisha na mwerezi usioinama, hata siku ung'okapo mara moja. Basi tazameni, muumini naye huyumba! Ila hurudi akasimama.

Mimi mwenyewe nimepata kukosa katika jambo hili. Mwaka mmoja, wakati wa kuchuma kahawa, mwanafunzi wangu alikuwa akija chuoni siku mbili, akikosa tatu. Nikamwambia mbele ya wenziwe, "Wewe ni mtu wa kuyumbayumba." Akainama, asijibu neno. Baada ya siku chache nikapata habari kwamba baba yake alikuwa mgonjwa kitandani, na mtoto ndiye aliyekuwa akichuma kahawa ya nyumba nzima. Na usiku, juu ya uchovu wake, alikuwa akimsomea baba yake sura niliyompa. Kumbe aliyumbishwa na shida, nami nikamwita kwa jina la wasio na msimamo. Nikaenda kwao nikamtaka radhi, na kesho yake nikamtaka radhi tena mbele ya wenziwe, kwani mbele yao ndipo nilipomvunjia heshima.

Basi, enyi wazazi na walimu wenzangu, kabla hamjampa mtoto jina, muulizeni kwanza ni upepo gani uliompiga. Nanyi vijana, msione haya kuyumba siku ya upepo. Oneni haya kubaki mmelala upepo ukiisha kupita. Mwenyezi Mungu atuthibitishe sote. Amin.