Mchai Ukiugua, Uliza Nani Alikaa Hapo

Mgeni apitaye kwa mara ya kwanza barabara ya kutoka Kericho kwenda Litein, akaendelea hadi pande za Mogogosiek huko Bomet, huona kijani kitupu. Vilima vimevikwa chai toka juu hadi chini, na macho hayapati mahali pa kutua. Mwenye shamba hatazami hivyo. Yeye huona mchai mmoja mmoja, na jicho lake huenda moja kwa moja penye kasoro. Huko katikati ya kijani kuna kiraka cha manjano, upana wake kama wa nyumba, michai imedumaa, majani yameungua kingo, na matawi mengine yamebaki vijiti. Kiraka hicho ndicho tutakachokizungumza leo, kwa sababu watu wengi wamekitibu kwa miaka bila ya kujua kinaugua nini.

Msomaji, usidhani ni jambo dogo. Mchai si mhindi wa kupandwa Machi na kuvunwa mwaka huo huo. Hupandwa ukiwa mche, hukatwa na kufunzwa umbo kwa miaka miwili mitatu kabla ya kuchumwa sawasawa, halafu humlisha mwenyewe, watoto wake, na ukitunzwa vyema humlisha mjukuu. Iko michai katika nchi hii iliyopandwa kabla ya Uhuru ambayo ingali inachumwa hadi leo. Shirika la KTDA lilipoundwa mwaka 1964 kuwaongoza wakulima wadogo, wengi walianza na kipande kidogo tu cha shamba, na katika kipande hicho zikatoka karo za shule, mabati ya nyumba na ng'ombe wa mahari. Eka moja huchukua michai zaidi ya 3,000. Michai thelathini au hamsini ikikaa bure mwaka nenda mwaka rudi, hiyo si hasara ya kucheka nayo.

Sasa, kiraka kikionekana, kila mtu nyumbani huwa daktari. Baba husema ni njaa, akaongeza mbolea. Jirani husema ni wadudu, akaleta dawa ya kunyunyizia. Mama, ambaye anajua kwamba majivu hufukuza wadudu kwenye mahindi na kunenepesha kabichi, huchukua karai la majivu ya jikoni akayamwaga penye mashina. Wote wamefanya kwa nia njema. Lakini huyo wa mwisho amemwongezea mgonjwa ile ile sumu inayomuua.

Kiswahili kina neno zuri, mahame, yaani mahali palipokaliwa na watu kisha wakapahama. Watafiti wa chai wa Kericho wanalijua tatizo hili tangu zamani, na katika vitabu vyao wanaliita kwa jina la vibanda vya kale. Maana yake ni kwamba chai iliyopandwa juu ya nyumba ya zamani, juu ya boma la ng'ombe, au juu ya tanuri la makaa, huugua. Haiambukizwi na mtu wala mdudu. Inaugua kwa sababu ya moto uliozimika zamani.

Fikiria nyumba ya Wakipsigis ya wakati huo, ya mviringo, kuta za udongo, paa la nyasi. Ndani yake mna mafiga matatu, na moto ambao usiku hufukiwa chini ya majivu ili asubuhi upulizwe tena. Kwa moto huo chakula hupikwa, watoto huota, na hapo ndipo makaa ya mti wa senetwet hupatikana ya kusugulia kibuyu cha maziwa ya mursik. Kila asubuhi mama huzoa majivu akayatupa nje, pale pale kila siku. Kuni kilo 100 zikiteketea huacha kiasi cha kilo 1 tu ya majivu, lakini hesabu mizigo ya kuni ya miaka ishirini, thelathini. Mvua inapiga, majivu yanazama, nyasi zinaota juu. Baadaye watu wanahama, nyumba inaanguka, na anayekuja na jembe haoni kitu.

Mchai huona. Mmea huu una tabia ya ajabu, maana unapenda udongo mchachu ambao mimea mingi ya chakula inauchukia. Kipimo cha uchachu, kiitwacho pH, huanzia 0 hadi 14. Maji matupu ni 7; chini ya hapo ni upande wa ndimu, juu ya hapo ni upande wa magadi. Chai hustawi baina ya 4.5 na 5.5 hivi. Ndiyo maana wazee wa kilimo walikuwa wakitafuta kangaga kabla ya kupanda chai, kwani palipoota kangaga kwa wingi udongo ni mchachu. Mvua kubwa ya Kericho, ambayo kwa mwaka hufika kiasi cha milimita 2,000, imeosha udongo mwekundu wa vilima hivi kwa karne nyingi mpaka ukawa mchachu wa kuifaa chai. Majivu ni kinyume chake. Ni ya ukoo wa magadi, na yakiwa mapya kipimo chake hupita 10. Yakiwa mengi udongo hugeuka tabia, na mizizi ya mchai ikashindwa kula hata chakula kilichomo tele. Hapo unamwaga mbolea bure, kama kumpa pilau mtu aliyefungwa mdomo.

Wenzetu wa pwani wanalijua jambo kama hili kwa upande wa matumbawe. Tumbawe likigeuka jeupe, asiyejua husema limekufa. Kumbe mara nyingi bahari imepata joto kupita kiasi, na vijimea vidogo sana vinavyoishi ndani yake na kulilisha vimetoka. Ndivyo ilivyokuwa katika miamba ya pwani yetu mwaka 1998. Tena wako watu katika nchi za mbali wanaofuga matumbawe nyumbani, ndani ya matangi ya vioo. Tumbawe likipauka au nyama yake ikianza kuchunika, mfugaji hodari hakimbilii dawa. Hupima maji kwanza, joto lake, chumvi yake, na ile ile pH. Mchai nao tangi lake ni udongo.

Basi utajuaje kama ni mahame au ni ugonjwa mwingine? Tazama umbo na mwendo wa kiraka. Kiraka cha mahame hakitembei. Mahali kilipokuwa chai ilipopandwa ndipo kilipo leo, na mara nyingi michai yake haijawahi kunawiri tangu ikiwa michanga. Chimba kidogo, ukikuta udongo wa rangi ya kijivu, vipande vya makaa, vigae vya chungu au jiwe lililoungua, umekwisha pata nusu ya jibu.

Adui anayetembea ni kuvu wa mizizi, ambaye wataalamu humwita Armillaria. Huyu hukaa katika visiki na mizizi ya miti ya msitu iliyokatwa, kisha huvuka hadi kwenye mizizi ya chai inapogusana, mchai hadi mchai, na kiraka kikapanuka kila mwaka. Mwaka 1997 watafiti wa Kenya na wenzao wa Marekani walichapisha taarifa ya kuenea kwake katika mashamba yetu ya chai, na si mgeni wa kudharauliwa. Mchai huwa manjano, hunyauka, hatimaye hufa ukisimama huku majani makavu yakiwa bado yananing'inia. Tazama shina karibu na udongo, utaona limepasuka kwa urefu. Bandua gamba kwa kisu. Chini yake kuna utando mweupe, nao unanuka uyoga. Pua hapo haidanganyi, na ningependa kila mchumaji afundishwe harufu hiyo.

Mengine ni rahisi. Utitiri mwekundu huja wakati wa kiangazi, hugeuza majani rangi ya shaba, na hupenda michai iliyo kando ya barabara ya vumbi. Upungufu wa mbolea hupausha shamba zima, hauchagui kiraka. Mvua ya mawe, ambayo Kericho inaijua kuliko sehemu nyingi za dunia, huchana majani mchana mmoja kila mtu akiona. Baridi kali yenye umande ulioganda, kama ile ya Januari 2012, hukaa mabondeni na kuunguza majani usiku mmoja.

Dawa nazo zinagombana, na hapa ndipo ninapoomba msomaji awe makini. Mwenye kuvu wa mizizi huambiwa ang'oe mchai uliokufa pamoja na mizizi yake yote, hata ile myembamba kama kalamu, na auchome. Ushauri huo ni sahihi, lakini achome wapi? Akichoma pale pale shambani, kila mara mahali pamoja, ameondoa ugonjwa mmoja akapanda mwingine, kwani hilo jaa la majivu ndilo mahame ya kesho. Toa visiki nje ya chai, vichomee huko. Na kama bado una miti mikubwa unayotaka kuiondoa ili upande chai, usiiangushe upesi. Ibambue gamba kuzunguka shina, iache ife imesimama, mizizi imalize akiba yake ya wanga ili kuvu akose chakula. Njia hiyo ilijaribiwa huko Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, katika miaka ya 1930, na haihitaji senti ya dukani.

Kwa kiraka cha mahame, kwanza acha kabisa kutia majivu na chokaa. Pili, chukua udongo wa ndani ya kiraka na udongo wa nje penye chai nzuri, kila mmoja katika mfuko wake, usiuchanganye, upeleke kupimwa. Kituo cha utafiti wa chai kilianzishwa Kericho mwaka 1951 kikihudumia Afrika Mashariki. Mwaka 1980 kikawa cha Kenya peke yake, na leo kiko chini ya KALRO. Majibu yakisema uchachu umepotea, dawa ni salfa, ile ya unga wa manjano. Vijidudu vya udongoni huigeuza polepole kuwa tindikali, kazi ya miezi wala si ya siku, kwa hiyo kiasi chake kifuate kipimo. Mwenye pupa akirudia kabla ya kupima tena, anaweza kuuchoma mzizi aliotaka kuuponya. Penye chungu ya majivu hasa, jembe na toroli hufanya kazi haraka kuliko salfa. Mbolea ya salfeti ya amonia nayo husaidia kurudisha uchachu kidogo kidogo.

Iko sehemu ya habari hii ambayo haipimwi kwa pH. Vilima vya makampuni vilikuwa na wenyewe kabla ya chai. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni iliwagawia maafisa wa Kiingereza waliolemaa vitani eka 25,000 karibu na Kericho walime kitani. Mpango ukaanguka, na katika miaka ya 1920 makampuni ya chai yakashika nafasi. Mwaka 1934 ukoo wa Talai ulihamishwa kwa sheria mpaka Gwassi, mbali karibu na Ziwa Victoria. Madai ya Wakipsigis na Talai kuhusu ardhi hiyo yangali yanazungumzwa. Mwaka 2021 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walieleza wasiwasi wao kwamba Uingereza haijayajibu ipasavyo. Hati za wakati huo ziliandikwa na waliokuja. Waliohamishwa hawakuandikiwa ramani ya nyumba zao, lakini majivu ya mafiga hayahamishwi kwa amri.

Tena mahame yanaendelea kuzaliwa. Katika Konoin na Bureti ardhi inagawanywa baina ya wana, kijana anajenga nyumba ya mabati upande wa juu, ile ya bibi inabomolewa, na kwa kuwa kila hatua ina thamani, miche inapandwa juu ya jiko lake kabla ya mvua ya pili. Miaka mitatu baadaye mtu anakwenda kwenye kituo cha kununulia majani kulalamika kwamba aliuziwa miche mibaya. Bibi angeulizwa, angeonyesha kwa fimbo palipokuwa mafiga, palipokuwa jaa, na palipolala mbuzi.

Wako akina mama ambao hawahangaiki na salfa. Wameng'oa michai michache iliyodumaa na katika kiraka hicho wamepanda maboga na sukuma wiki, mboga zinazopenda udongo wa jikoni. Ukipita wakati wa mvua utaona majani mapana ya maboga yametambaa katikati ya chai, katika duara, upana wake kama wa nyumba.