Mficha Maradhi: Funzo la Kigari kwa Mwanariadha Chipukizi

Ukisimama sokoni Siakago asubuhi na mapema, kabla jua la Mbeere halijaanza kuchoma, utauona Mlima Kenya umejitokeza kwa mbali. Kufikia saa nne mlima huwa umejifunika mawingu, na wewe umebaki na vumbi lako, miembe yako, na kelele za utingo wanaowaita abiria wa kwenda Embu mjini.

Msomaji mpendwa, hebu jaalia kwamba wewe ni mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule mojawapo ya huko. Mwaka jana ulikimbia ukafika mashindano ya kaunti. Mwaka huu kila mtu anakutazamia ufike taifa. Lakini wiki tatu zilizopita ulikanyaga jiwe ukiwa mazoezini, mguu ukateguka. Uvimbe umepungua, ila ukishuka mteremko unahisi kama mtu anakudunga sindano. Kesho mwalimu wa michezo atabandika orodha ya timu ubaoni. Leo jioni anakuita kando.

"Mguu wasemaje?" anakuuliza.

Wenzako wamenyamaza, wanasikiliza. Utajibu nini?

Wengi wetu tunajua jibu litakalotoka. "Niko sawa, mwalimu." Hata mama akiuliza nyumbani kwa nini unachechemea, utasema ni viatu. Si kwamba wewe ni mwongo. Ni kwamba umeona nafasi yako ikitaka kukuponyoka, na nafasi ya kuchaguliwa katika timu ni kama basi la mwisho la jioni. Ukiachwa, hujui utapata lini jingine.

Kabla hujajibu, panda nami matatu hadi Embu mjini, kisha tuendelee na safari kidogo kuelekea mlimani. Huko kuna mahali panapoitwa Kigari.

KAMBI YA MITEREMKONI

Kigari ni chuo cha walimu. Mpita njia asiyejua angeona mabweni, uwanja, na mashamba ya chai na kahawa yanayozunguka vijiji vya karibu. Lakini kwa miaka mingi hapa ndipo timu ya Kenya ya mbio za nyika imekuwa ikipiga kambi kabla ya kwenda kushindana na ulimwengu. Enzi za kocha Mike Kosgei, wakimbiaji walitoka mara tatu kwa siku: alfajiri, kabla ya adhuhuri, na jioni. Udongo mwekundu, hewa nyembamba, na vilima visivyokwisha.

Matunda yake unayajua. Kuanzia mwaka wa 1986 hadi 2003, timu ya wanaume wazima ya Kenya ilitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za nyika mara 18 mfululizo. Mwaka wa 1988 kule Auckland, New Zealand, Wakenya 8 walikuwa miongoni mwa watu 9 wa kwanza kufika utepeni.

Hapa inafaa nikueleze jinsi mbio hizi zinavyohesabiwa, maana ndipo penye kiini cha kisa chetu. Mbio za nyika ni mchezo wa timu. Mshindi wa kwanza anapata pointi 1, wa pili pointi 2, wa kumi pointi 10. Pointi za wakimbiaji kadhaa wa nchi moja hujumlishwa, na timu yenye pointi chache ndiyo bingwa. Kwa hiyo mkimbiaji mmoja aliyeingia timuni huku akificha jeraha haumizi mguu wake peke yake. Akishika nafasi ya 60 badala ya 6, ameitwisha timu nzima mzigo, na pia amemzuia nyumbani mwenziwe ambaye miguu yake ilikuwa mizima.

Ndiyo sababu wateuzi wana kazi ngumu. Majaribio ya taifa huonyesha nani alikuwa na kasi siku ile. Kambi huonyesha nani bado anayo wiki kadhaa baadaye. Jina kubwa la zamani humfanya mteuzi asite kukufuta, lakini halikukimbilii.

ALIYEGONGWA NA PIKIPIKI

Sasa tumtazame mtu mmoja ambaye jina lake lilikuwa kubwa kweli kweli. Geoffrey Kamworor alizaliwa mwaka wa 1992, akakulia Chepkorio, Keiyo. Mwaka wa 2011 alikuwa bingwa wa dunia wa vijana katika mbio za nyika. Mwaka wa 2015 na 2017 akawa bingwa wa wanaume wazima. Katika nusu marathoni alitwaa ubingwa wa dunia mara tatu, 2014, 2016 na 2018. Ile ya 2016 mjini Cardiff aliangushwa pale pale walipoanza, wengine wakampita, naye akainuka, akawafuata na kushinda. Mwaka wa 2019 alivunja rekodi ya dunia ya nusu marathoni mjini Copenhagen kwa muda wa dakika 58 na sekunde 1, na kabla mwaka haujaisha akashinda marathoni ya New York kwa mara ya pili.

Kisha ukaja mwezi wa Juni 2020. Asubuhi moja akiwa mazoezini barabarani, kama wafanyavyo wakimbiaji wote wa Bonde la Ufa, aligongwa na pikipiki. Mfupa wa muundi ukavunjika, ikabidi afanyiwe upasuaji.

Msomaji, mfupa ukivunjika huunga. Lakini kwa mkimbiaji, kuunga kwa mfupa ni mwanzo tu. Miezi ambayo mguu umelala, misuli yake hunywea kama kibuyu kilichoachwa juani. Unapoanza tena kutembea, mguu mzima hubeba kazi ya miguu miwili, na usipoangalia, nao huanza kuuma. Kifundo kinakuwa kigumu. Mwili mzima hujifunza kukimbia upya, na moyo hujifunza kutoogopa kila injini inayonguruma nyuma yako.

Kamworor alirudi, na kwa kishindo. Juni 2021, mwaka mmoja tu baada ya ajali, alishinda majaribio ya Kenya ya mita 10,000 katika uwanja wa Kasarani, akajipatia tiketi ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo. Mashabiki tulishangilia. Kisa kilikuwa kimekamilika, tulidhani.

NAFASI ALIYOIACHA

Hakikuwa kimekamilika. Wiki chache baadaye kifundo kilisumbua tena, naye akajiondoa katika timu. Nafasi ikapewa mwingine.

Tua hapo kidogo. Huyu ni mtu aliyelala hospitalini mguu umevunjika, akajikokota mwaka mzima, akashinda majaribio mbele ya macho ya taifa. Tiketi ya Olimpiki ilikuwa mkononi. Michezo hiyo huja mara moja kwa miaka minne, na medali ya Olimpiki ndiyo iliyokosekana kabatini mwake. Kama kuna mtu aliyekuwa na sababu ya kusema "niko sawa, mwalimu," alikuwa yeye.

Je, alipoteza? Tazama yaliyofuata. Desemba 2021, miezi michache tu baadaye, alikimbia marathoni ya Valencia akawa wa nne kwa saa 2, dakika 5 na sekunde 23. Julai 2022 aliiwakilisha Kenya katika marathoni ya mashindano ya dunia kule Eugene, Marekani, akashika nafasi ya tano na kuwa Mkenya wa kwanza kufika. Kisha likaja jambo linaloturudisha Kigari.

Februari 2023 mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika Bathurst, Australia. Kikosi cha Kenya kilijiandaa papo hapo Kigari, miteremkoni mwa mlima ule unaouona kutoka Siakago, na jina la Kamworor lilikuwemo orodhani. Njia ya Bathurst haikuwa ya mchezo: vilima, tope, mchanga, matairi ya kuruka, na shamba la mizabibu la kupita katikati yake. Mbele walitangulia Jacob Kiplimo wa Uganda, Berihu Aregawi wa Ethiopia na Joshua Cheptegei wa Uganda. Wa nne, na Mkenya wa kwanza, alikuwa Kamworor. Hakupata medali yake binafsi. Lakini pointi zake 4 zilisaidia kuipa Kenya dhahabu ya timu ya wanaume.

Miezi miwili baadaye, Aprili 2023, alikuwa wa pili katika marathoni ya London, nyuma ya marehemu Kelvin Kiptum. Muda wake, saa 2 dakika 4 na sekunde 23, ulikuwa bora kuliko wowote aliowahi kukimbia katika marathoni kabla ya pikipiki ile.

WALIOTANGULIA

Wala si yeye wa kwanza. Wazazi wanaosoma ukurasa huu watamkumbuka John Ngugi, bingwa wa dunia wa nyika kutoka 1986 hadi 1989. Mwaka wa 1990 alishika nafasi ya 20, na watu wakasema amekwisha. Mwaka wa 1992, katika baridi ya Boston, Marekani, aliwaacha wote akatwaa taji la tano.

Katika safari hiyo hiyo ya Boston alikuwapo kijana wa Baringo aliyekuwa bingwa wa Kenya mwaka huo, Paul Tergat. Aliumia muda mfupi kabla ya mbio. Alikuwa ameteuliwa, amesafiri, amevaa rangi za taifa, na hakukimbia. Mwaka uliofuata alikuwa wa 10, uliofuata huo wa 11. Ndipo mwaka wa 1995 akashinda, akaendelea kushinda kila mwaka hadi 1999. Mataji matano, sawa na Ngugi. Mwaka wa 2003 mjini Berlin akawa binadamu wa kwanza kukimbia marathoni chini ya saa 2 na dakika 5 katika rekodi ya dunia inayotambuliwa.

Kama Tergat angelazimisha mguu wake siku ile ya Boston, labda tusingekuwa na hadithi hii ya kusimulia.

KWA MZAZI NA MWANAFUNZI

Sasa turudi Siakago, ambako mwalimu bado anangoja jibu lako.

Kwanza, jifunze kutofautisha uchovu na jeraha. Uchovu huuma miguu yote miwili na huisha ukipumzika siku moja au mbili. Jeraha lina mahali pake: unaweza kuliwekea kidole ukasema "ni hapa." Maumivu yakikubadilisha mwendo, yakikuamsha usiku, au ukibonyeza mfupa sehemu moja ukaruka, acha kukimbia, nenda ukamwone daktari. Inaweza kuwa ufa mdogo kwenye mfupa, na ufa mdogo ukikimbiliwa huwa mvunjiko mkubwa.

Pili, usimeze dawa za kutuliza maumivu ili upite majaribio. Maumivu ni mlinzi wa usiku. Ukimziba mdomo, mwizi hajaondoka.

Tatu, ukianza kurudi, rudi kwa ngazi. Tembea bila kuuma, kisha kimbia polepole mahali tambarare, kisha ongeza umbali, na mwisho kabisa kasi na vilima. Ukisikia maumivu yale yale, shuka ngazi moja. Si aibu.

Nawe mwalimu, neno moja. Mwanafunzi hukuficha jeraha kwa sababu anajua ukisikia utamfuta na kumsahau. Mwambie wazi, "Hutakimbia wiki hii, lakini ukipona nitakupa nafasi ya kujaribiwa upya." Sentensi hiyo inaweza kuokoa miguu mingi.

Na wewe mzazi wa mjini, unayesoma haya Jumapili huku kijana wako akifunga viatu sebuleni, usiulize tu "Umechaguliwa?" Uliza pia "Unaumwa wapi?" Kisha ngoja jibu. La kwanza huwa ni "hakuna." La pili ndilo la kweli.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mwanariadha mficha jeraha huumbuliwa uwanjani, mbele ya watu, siku ile ile aliyotaka waone uhodari wake.

Basi mwalimu akikuuliza jioni ile mguu wasemaje, mwangalie usoni umwambie: "Bado unauma, mwalimu. Nipe mwezi mmoja." Kesho jina lako halitakuwa ubaoni, na itakuuma kuliko mguu. Lakini asubuhi ya kesho kutwa, ukitoka nje mapema kabla ya mawingu, mlima utakuwa pale pale ulipouacha. Na Kigari bado iko miteremkoni mwake.