Sumaku ya MRI hailali hata umeme ukikatika

IWAPO daktari amewahi kukutuma ukapigwe picha ya MRI, bila shaka uliulizwa maswali mengi kuhusu vyuma. Je, una saa mkononi? Una funguo mfukoni? Umewahi kupasuliwa na kuwekewa chuma mwilini? Huenda pia ulisikia mdundo usiokoma ukitoka kwenye mashine hata kabla ya uchunguzi kuanza.

Mambo haya mawili yana uhusiano. Ukiuelewa, msomaji, unaweza kuokoa maisha yako au ya mgonjwa uliyemsindikiza hospitalini.

Tofauti na eksirei, mashine ya MRI haitumii miali inayoweza kudhuru chembechembe za mwili. Hutumia sumaku na mawimbi ya redio. Sehemu kubwa ya mwili wa binadamu ni maji, na maji yana hidrojeni. Chembe za hidrojeni zikiwa ndani ya sumaku kali hujipanga, kisha zikiguswa na mawimbi ya redio hutoa ishara ambazo kompyuta huzigeuza kuwa picha. Ndiyo maana mashine hii huonyesha vizuri ubongo, uti wa mgongo na maungio ya mifupa.

Sumaku inayohitajika si kama ile ya spika ya redio. Mashine nyingi hospitalini zina nguvu ya tesla 1.5, ambayo ni takriban mara 30,000 ya nguvu ya sumaku ya dunia yetu.

Siri ya baridi kali

Sumaku kama hiyo hutengenezwa kwa kupitisha umeme mwingi katika nyaya zilizozungushwa mara nyingi. Ingekuwa ni nyaya za kawaida za shaba, zingepata moto mno. Hapo ndipo baridi inapoingia.

Mnamo 1908, mwanasayansi Heike Kamerlingh Onnes wa mji wa Leiden, Uholanzi, alifaulu kuigeuza gesi ya heliamu kuwa majimaji. Heliamu ya majimaji huchemka katika nyuzi 269 za Selsiasi chini ya sifuri. Miaka mitatu baadaye, 1911, aliitumbukiza zebaki katika baridi hiyo na kugundua kwamba ilipitisha umeme bila ukinzani wowote. Metali yenye tabia hii huitwa superkondakta. Onnes alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1913.

Nyaya za sumaku ya MRI kwa kawaida ni mchanganyiko wa metali za niobiamu na titaniamu. Zikipoa hadi chini ya nyuzi 264 hivi chini ya sifuri, umeme uliowekwa ndani huzunguka wenyewe bila kuhitaji kuongezwa. Kwa hivyo, mafundi wakishaiwasha sumaku, hubaki ikifanya kazi usiku na mchana, mwaka baada ya mwaka.

Hili ndilo jambo ambalo kila mtu anafaa kulikumbuka. Taa za chumba zikizimwa, sumaku ingali inavuta. Hata umeme ukipotea mji mzima, sumaku ingali inavuta.

Friji isiyopumzika

Mashine nyingi zilizoko hospitalini huwa na lita 1,500 hadi 2,000 za heliamu ndani ya tangi lililojengwa mfano wa chupa ya chai, lenye kuta zilizotenganishwa na nafasi isiyo na hewa. Hata hivyo, joto kidogo hupenya, na heliamu huanza kugeuka mvuke.

Zamani mvuke huo ulipotea na tangi lilihitaji kujazwa mara kwa mara. Wahandisi walitatua tatizo hili kwa kutumia kipoza kilichobuniwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na Wamarekani William Gifford na Howard McMahon. Kompresa huisukuma gesi ya heliamu kwa shinikizo, kisha gesi hiyo huachiliwa ghafla itanuke ndani ya kipoza. Gesi ikitanuka hupoa. Kitendo hiki hurudiwa bila kukoma, na mvuke ulio ndani ya tangi hugeuzwa kuwa majimaji tena. Mdundo ule uliousikia ni wa kipoza hiki kikifanya kazi.

Kompresa nayo hupata moto na kwa kawaida hupozwa kwa maji. Hivyo basi, pampu ya maji ikiharibika au umeme ukikatika kwa muda mrefu, kipoza husimama na heliamu huanza kupungua. Hospitali inayonunua mashine ya MRI bila kuweka jenereta ya kukilinda kipoza ni kama mtu anayenunua ng'ombe wa maziwa bila kufikiria lishe.

Nyaya zikipata joto kupita kiasi, hali ya superkondakta hupotea kwa ghafla. Nguvu yote iliyokuwa kwenye sumaku hugeuka joto, na heliamu huchemka kwa kishindo. Lita moja ya majimaji hayo hutoa zaidi ya lita 700 za gesi. Ndiyo sababu kuna bomba kubwa la kuitoa gesi nje ya jengo. Bomba hilo likiziba, gesi inaweza kujaa chumbani na kuifukuza hewa ya oksijeni. Kuijaza upya heliamu na kuiwasha tena sumaku huweza kugharimu mamilioni ya shilingi, na wagonjwa wakabaki wakisubiri.

Vifo vilivyoweza kuepukwa

Mnamo Julai 2001, mtoto wa miaka sita alifariki katika jimbo la New York, Marekani, baada ya mtungi wa oksijeni kuvutwa na sumaku na kumgonga kichwani akiwa ndani ya MRI. Mnamo Januari 2018, mwanamume mmoja mjini Mumbai, India, alivutwa pamoja na mtungi wa oksijeni aliokuwa ameubeba kwa ajili ya jamaa yake mgonjwa. Alifariki pia. Jamaa zake walisema mhudumu aliwaambia kwamba mashine ilikuwa imezimwa.

Sasa unaelewa ni kwa nini maneno hayo, "mashine imezimwa", hayafai kuaminiwa kamwe katika chumba cha MRI.

Ufanye nini?

Kwanza, usivuke mlango wa chumba hicho kabla ya kuruhusiwa na mtaalamu wa picha, hata kama unamsaidia mgonjwa au kumbembeleza mtoto. Kiti cha magurudumu na mtungi wa oksijeni wa kawaida huachwa nje.

Pili, toa saa, sarafu, simu, vipuli, mkanda, vibanio vya nywele na wigi. Kadi ya benki pia inaweza kuharibika.

Tatu, eleza ukweli wote kuhusu mwili wako. Taja kifaa cha kudhibiti mapigo ya moyo, klipu katika mshipa wa ubongo, risasi, au chuma cha kuunga mfupa. Vingine havina madhara, lakini si wewe wa kuamua.

Nne, ikiwa wewe ni fundi wa jua kali unayechomelea au kusaga vyuma, sema kama chuma kimewahi kukuingia jichoni. Kipande kidogo sana kikisogezwa na sumaku kinaweza kukupofusha. Huenda ukahitajika kupigwa eksirei ya macho kwanza.

Habari njema ni kwamba wahandisi hawajalala. Mnamo 2018 kampuni ya Philips ilianzisha sumaku iliyofungwa kabisa inayotumia lita saba tu za heliamu, na baadaye Siemens ikatoa yenye chini ya lita moja, ya nguvu ya tesla 0.55. Mashine hizi hazihitaji lile bomba kubwa. Hata jirani zetu wa Tanzania wana habari yao, kwani mnamo 2016 watafiti walitangaza kugunduliwa kwa heliamu nyingi katika bonde la Rukwa.

Lakini iwe na lita saba au lita 2,000, sumaku ni sumaku. Utakapoufikia mlango wa chumba cha MRI, simama, pekua mifuko yako, na usubiri kuitwa.